Plagi Nne na Mama Mkwe

Bi Hilaria alikuwa amekaa kwa mkwe wake huko Kawajense tangu kabla mjukuu hajazaliwa, na muda wote huo yeye na mkwe wake hawakuwa wametazamana usoni hata mara moja. Haukuwa ugomvi. Ilikuwa heshima. Yeye alikuwa mtu wa Kabungu, na kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawasemezani, hawali pamoja, wala hawatajani majina. Kwa hiyo mkwe wake, Ubaldo, akirudi kutoka machimboni jioni alikohoa kwanza akiwa mbali, pale kwenye kibanda cha kuku, ili mama mkwe apate nafasi ya kuingia jikoni. Asubuhi alisalimia kwa kumtumia mke wake, Kasilda.

"Mama Gaspar, mama ameamkaje?"

Kasilda, mtoto kifuani, aligeukia jikoni. "Mama, baba Gaspar anauliza umeamkaje."

"Mwambie nimeamka salama, ila mgongo."

"Anasema ameamka salama, ila mgongo."

Kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake vizuri tu. Lakini ndivyo ilivyotakiwa, na Kasilda alikuwa daraja lao. Siku nyingine daraja lilichoka kukanyagwa, likajibu lenyewe bila kupeleka ujumbe.

Mwaka ule mvua ziliwahi. Wingu lilianza kujikusanya upande wa Kabungu kila alasiri, na kila lilipojikusanya Hilaria alisimama mlangoni pa jiko akalitazama kama mtu anayeona ng'ombe wake wakiingia shamba la jirani. Mumewe, mzee Krispini, alikuwa peke yake huko, na mgongo wake ulikuwa mbaya kuliko wa mkewe. Mtoto alikuwa ameshabatizwa, kitovu kilishapona, Kasilda alikuwa ameshapata nguvu. Kilichobaki ni kurudi kupanda.

"Mwambie baba Gaspar nitakwenda kwa miguu," alisema.

"Mwambie mama hatakwenda kwa miguu na goti lile," Ubaldo alijibu kutoka uani. "Mwambie nitampeleka kwa gari."

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeusi, la milango miwili. Ubaldo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye machimbo ya madini ya risasi, na alilinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ndugu zake wa Kasansa walimshangaa, kwani wenzake wenye akili walinunua ng'ombe. Ng'ombe huzaa, walimwambia, gari halizai. Lakini Ubaldo alilipenda. Jumapili alilipangusa vumbi kwa shati lake la zamani, na aliliongelesha kwa sauti ndogo ambayo Kasilda alidai hajawahi kuongeleshwa nayo yeye.

Siku za karibuni lilikuwa linamisi. Injini ilikwenda kidogo ikaruka pigo, ikaenda tena ikaruka, kama mtu mwenye kwikwi, na kwenye kilima ilikata kabisa. Ubaldo alifungua boneti akachomoa plagi moja, akaitazama juani. Ncha ilikuwa imelika na kaure yake imejaa masizi. Zote nne zilikuwa hivyo. Ndipo alipomwagiza Mohamedi, mwenye duka mjini, naye akazileta mpya kwa treni kutoka Tabora, kila moja ndani ya kijiboksi chake.

Jumamosi alitoka kazini mapema, akatandika gunia chini, akapanga spana zake juu ya gunia, na kazi ikaanza. Kasilda alitoa kigoda akakaa kivulini kunyonyesha na kutazama. Hilaria alikuwa jikoni akipepeta mchele, mgongo ameupa ua.

Plagi mbili zilitoka bila shida. Ya tatu ilitoka kwa kunung'unika. Ya nne ilikataa. Ubaldo aliisukuma kwa mkono, kisha kwa mikono miwili, kisha akaweka mguu kwenye bampa akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Spana iliteleza, akajigonga vidole. Alisema neno la Kipimbwe ambalo Kasilda alilielewa na Hilaria, kwa bahati, hakulielewa.

"Ikikatikia humo ndani, gari limekwisha," Ubaldo alisema akinyonya vidole. Aliiokota spana tena.

Mlio wa ungo jikoni ulikoma. "Kasilda," Hilaria aliita, "mwambie mwenzio aiache. Vitu vilivyoshikamana siku nyingi haviachanishwi kwa hasira. Amwagie mafuta, aje ale."

"Baba Gaspar, mama anasema..."

"Nimesikia." Kisha akakumbuka adabu. "Mwambie mama asante, nitaimwagia."

Alimimina mafuta ya taa kuzunguka plagi, akanawa mikono. Alikula wali na dagaa wa Karema barazani, mgongo wake ukiwa umeelekea jiko na mgongo wa mama mkwe umeelekea baraza. Alipomaliza alirudi, akaiegemea spana polepole, na plagi ikaachia kwa mlio mdogo mkavu. Ubaldo alicheka peke yake. Aliitupa ile plagi mbovu juu, akaidaka.

"Imetoka, mama!" Kasilda alipiga kelele.

"Nimesikia kicheko," alisema Hilaria.

Hapo ndipo Ubaldo alipofurahi mapema mno. Alipima nafasi ya ncha za plagi mpya kwa kipande chembamba cha bati, akazifunga zote nne, kwanza kwa vidole na mwisho kwa spana. Mpaka hapo alikuwa hajakosea. Lakini wakati anahangaika na ile iliyogoma alikuwa ameondoa nyaya zote zisimzuie mkono, na nyaya zote zilikuwa nyeusi, na hakuwa ameziwekea alama. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kugonga boneti. Akazirudisha haraka haraka, huu hapa, huu pale, akawasha swichi, akachukua hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele, maana betri ilikuwa dhaifu na stata haikufaa.

Alizungusha mara moja, kimya. Akazungusha tena.

Gari lililia kama bunduki. Moshi mweusi ulitoka kwenye boneti, kuku wakatawanyika, mtoto akapiga yowe, na hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu ikampiga Ubaldo mkononi. Alianguka chali kwenye gunia la spana, macho ameyafumba.

Kasilda hakuwahi hata kusimama. Mtu alimpita kwa kasi, akatupa ungo, mchele ukamwagika uani, na goti lililokuwa halifai kwa safari ya Kabungu likakimbia kama la msichana.

"Ubaldo!" Hilaria alipiga magoti kwenye matope, akakiinua kichwa cha mkwe wake akakiweka mapajani. "Ubaldo, mwanangu! Ubaldo, amka! Nani atamlea mtoto huyu? Ubaldo!"

Ubaldo alifumbua macho. Juu yake aliona uso ambao hakuwa ameuona tangu aingie katika ukoo ule. Ulikuwa mpana, una kovu dogo juu ya nyusi, na ulikuwa umelowa, kwa mvua au kwa machozi. Ulikuwa na macho ya Kasilda.

"Nimepona, mama," alisema. "Ni mkono tu."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakatambua wanachofanya. Hilaria alikiachia kichwa kikagonga spana, akajifunika khanga usoni, akasimama, akarudi jikoni akichechemea, maana goti nalo lilikuwa limekumbuka kuwa ni bovu. Ubaldo aligeukia gari. Kasilda alisimama katikati na mtoto anayelia. Alitaka kucheka, akahofia kuwaudhi, mwishowe akalia kidogo.

Kifundo cha mkono wa kulia kilivimba mpaka kikawa kama kiazi, lakini vidole vilicheza, kwa hiyo mfupa ulikuwa mzima. Hilaria alichemsha maji ya chumvi. Kasilda ndiye aliyekanda, kwa maelekezo ya mama yake kutoka nyuma ya mlango. Usiguse hapo. Shuka chini kidogo. Polepole, siyo unga huo.

Jumapili baada ya misa mvua ilikuwa imekatika na ardhi inanukia. Ubaldo alikaa kwenye gunia, mkono umefungwa kitambaa, akalitazama gari kwa huzuni.

"Nimechanganya nyaya," alimwambia mkewe. "Moto unaingia silinda isiyo zamu yake. Lakini ni zipi?"

Kasilda alimpakata mtoto upande mmoja, akainama juu ya injini. Hakuwa amewahi kuitazama kwa karibu. "Huu mbona umevutwa kama kamba ya mbuzi?" aliuliza. "Na huu wa jirani yake umelegea mpaka unaning'inia."

Ubaldo alitazama. Kila waya ulikuwa umekatwa urefu wa kufika kwenye plagi yake. Alianza kucheka mpaka mkono ukamuuma. Kasilda akabadilisha zile mbili mwenyewe, mtoto akizitazama nyaya na kutoa ulimi.

Ilibaki hendeli. Ubaldo hakuweza kuizungusha, na Kasilda alikuwa hajamaliza muda wa uzazi, haruhusiwi kazi nzito. Walikuwa bado wanafikiri nani wa kumwita kwenye nyumba za jirani Hilaria alipotoka jikoni. Alikuwa amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi na macho yake aliyaelekeza kwenye kibanda cha kuku.

"Kasilda, mwambie nitazungusha mimi. Nimelima tangu sijavunja ungo. Hicho nacho ni mpini tu."

"Mwambie mama ni hatari."

"Mwambie jana nimeiona hatari yake."

Akainama, akakishika kile chuma kwa mikono miwili. Ubaldo akaona anavyokishika, kidole gumba kimezunguka upande wa pili. Fundi yeyote wa machimboni anajua kuwa hendeli ikirudi huvunja kidole kilichokaa hivyo. Yeye mwenyewe jana alikuwa amesahau. Kama angepitia kwa Kasilda, maneno yangechelewa.

"Mama, kidole gumba!" alipaza sauti. "Kisizunguke! Kiweke upande mmoja na wenzake!"

Hilaria aliganda.

"Hivi?" aliuliza, bila kugeuka.

"Hivyo hivyo, mama. Sasa vuta kwenda juu. Usisukume chini."

Alivuta. Injini ikaguna. Akavuta tena kwa pumzi ya mtu anayeng'oa kisiki, na gari likawaka. Halikuruka pigo, halikukohoa. Lilinguruma taratibu, sawasawa, mpaka vifuniko vya sufuria barazani vikaanza kutetemeka pamoja nalo. Ubaldo alisimama ameshika mkono wake mbovu, akisikiliza. Kasilda alipiga vigelegele, na Hilaria, hendeli bado mkononi, akaonekana ameridhika na kazi yake kama mtu aliyemaliza tuta.

Jumatatu Ubaldo alipewa ruhusa kazini kwa ajili ya mkono, na alitaka kuitumia kwa safari. Kasilda alikuwa ameshafunga khanga ndani ya gari, kutoka mlango hadi mlango, kutenganisha kiti cha mbele na cha nyuma. Nyuma ya pazia alikaa mama yake na kapu la mbegu. Mbele alikaa yeye na mtoto Gaspar, pembeni ya mumewe. Heshima ilikuwa imepata chumba chake.

Walitoka mjini salama. Taabu ilianza kwenye kilima cha kwanza. Ubaldo aliweza kushika usukani kwa mkono wa kushoto, lakini gia nayo ilitaka mkono huo huo, na ule wa kulia haukuweza kushikilia usukani hata kwa kitambo. Alipoachia usukani abadilishe gia, gari lilipinda taratibu likaingia kwenye majani marefu, likasimama.

"Nishike mimi gia," alisema Kasilda. Wakajaribu. Mtoto aliponyang'anywa ziwa alilia kwa ukali hata Kasilda akavuta gia isiyotakiwa, chuma kikasagana, na Ubaldo akafumba macho kwa uchungu wa gari lake.

Nyuma ya pazia paliguna. "Kasilda, njoo huku nyuma na mwanao. Nipishe."

"Mama, mbele?"

"Unataka tulale hapa? Mbegu zitaota kwenye kapu."

Hilaria akahamia mbele. Alijisogeza mpaka mlangoni, akajitanda vizuri, akaelekeza uso dirishani kwenye miti ya miombo. Mkono wake mmoja tu ndio uliokuwa ndani ya safari, umeshika gia.

"Sukuma mbele, mama," alisema Ubaldo, macho barabarani. "Sasa vuta nyuma. Sasa katikati, kisha pembeni."

Mwanzo alivuta kama anafunga mbuzi. Baadaye mkono ulilainika. Walipofika kwenye mabonde alikuwa anasikia injini inavyolemewa na kuuliza, "Nivute?" kabla hajaambiwa. Nyuma, Gaspar alikuwa amelala. Kasilda alikuwa ameifungua khanga ya pazia amemfunika nayo, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa muda mrefu walizungumza mambo ya gia tu. Kisha Hilaria akaanza kusema, akiiambia miti.

"Mama yangu mimi aliugua tumbo mwaka wa njaa. Mume wangu alimbeba mgongoni mpaka misheni. Mama yake mkewe, mgongoni! Walikwenda kutwa nzima, wakalala njiani, wakaendelea. Na hawakusemezana neno. Akitaka maji alimgonga begani. Alikufa misheni, na mume wangu hakuwahi kumsikia akimwita."

Ubaldo alipunguza mwendo.

"Nimejiuliza miaka yote," aliendelea Hilaria. "Njia nzima ile, walikuwa wanafikiri nini? Mimi namjua mama. Alikuwa msemaji. Lazima yalimjaa."

"Labda baba alijua," Ubaldo alisema mwishowe.

"Labda. Lakini kujua siyo kuambiwa." Aliivuta khanga yake mbele kidogo. "Juzi ulipoanguka, nilidhani umekwenda. Nikaona nimetumia kuni zako, nimekula mchele wako, umeniletea na sukari kila mwisho wa mwezi, na sijakuambia hata asante kwa mdomo wangu. Ndiyo maana nililipuka vile. Usinihesabie."

"Hapana, mama. Sikuhesabii. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Nilipofumbua macho pale..." Gari lilikuwa limefika kwenye mteremko.

"Nivute?" aliuliza Hilaria.

"Vuta, mama."

Mzee Krispini alikuwa ameinama mbele ya nyumba akinoa jembe waliposimama. Alinyanyuka polepole, mkono mgongoni. Alimwona mkewe anashuka kutoka kiti cha mbele, pembeni ya mkwe wao, mkono wake ndio kwanza unaiachia gia. Kwenye kiti cha nyuma Kasilda alimkumbatia Gaspar.

Mzee alilizunguka gari zima. Aligonga tairi kwa mpini wa jembe. "Kumbe Kawajense wanafundisha udereva," alisema.

"Mkwe wako ameumia mkono," alisema Hilaria. "Tungefanyaje?"

"Nimeuliza?" Alimtazama Ubaldo, akatazama bandeji, akamtazama mkewe, ambaye kwa mara ya kwanza hakujua pa kuuweka uso wake. "Mila ni nyumba, na nyumba ina mlango. Mkwe alete kuku, mama apike, wale chungu kimoja, yamekwisha. Ubaldo, una kuku?"

"Sina, baba. Nimewaacha nyumbani."

"Basi nunua kwangu. Nitakukopesha kwa ajili ya mjukuu." Akaenda mwenyewe kumkamata, akiwa ameusahau mgongo wake.

Wakala jioni ile, jua likiwa bado juu ya miti. Hilaria alinyofoa paja akamwekea mkwe wake upande wa kushoto wa sinia, ulipo mkono wake mzima, kisha akaliangalia sinia kwa bidii kama vile paja lilijisogeza lenyewe. Mzee Krispini alizungumzia mvua. Kasilda alikula sana na kukaa kimya, kwa kuwa hapakuwa na ujumbe wa kupeleka, na alijikuta hajui afanye nini na mdomo wake.

Usiku mvua ilinyesha vizuri, na asubuhi shamba lilikuwa laini, linashika kisigino. Hilaria alitangulia na jembe, anapiga shimo, anapiga hatua. Ubaldo alimfuata na kibuyu cha mahindi shingoni, anatupa mbegu kwa mkono wa kushoto na kufukia kwa mguu.

"Tatu, Ubaldo, siyo nne," alisema Hilaria bila kugeuka. "Unalisha panya?"

"Mkono wa kushoto hauna hesabu, mama."

"Basi ufundishe. Shamba ni refu."

Akaufundisha, shimo baada ya shimo, mpaka walipofika mwisho wa mstari, wakageuka, wakaanza mwingine.